Benta Nafula na Oda Zisizofika Ruiru

Benta Nafula alikuwa na kanuni moja: humlaumu fundi kabla hujaketi kwenye cherehani yake ukashona kipande kwa mkono wako. Aliipata katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika, alikokuwa mkaguzi wa mishono kwa miaka mingi. Wakaguzi wengine wakiona mshono umelegea walipaza sauti mpaka msichana wa watu akalia. Benta alimwomba apishe, akaketi, akakanyaga, akatazama. Mara nyingi kosa lilikuwa la uzi, au la bobini, au la mkanda wa mashine uliochakaa. Mara nyingine lilikuwa la fundi kweli, na hapo Benta hakuwa na huruma. Lakini alikuwa amejua kwanza, ndipo akasema.

Kanuni hiyo aliivunja mara moja tu, mwaka wa 1999.

Wakati huo kiwanda kilikuwa kimekwisha kumpunguza kazini, naye alikuwa katibu wa kikundi cha wanawake wa Ruiru kilichoitwa Mshono Imara. Wanawake hao walinunua kwa kilo vipande vya vitambaa vilivyobaki viwandani, wakaviunganisha kuwa mifarishi ya viraka na aproni. Mwenyekiti wao alikuwa Wamboi, mwanamke wa sauti kubwa na moyo usiojua kungoja. Fundi wao wa kumalizia, yaani pindo na matundu ya vifungo, alikuwa Fatu, Mwislamu wa Majengo, Thika. Fatu na Benta walikuwa wamekaa dawati moja kiwandani. Benta alimwita mwenziwe Mama Fahim, na Fatu akamwita mwenziwe Mama Cindy. Kwa kuwa Fatu alikuwa na mguu mbaya, kazi yake aliifanyia nyumbani.

Fahim, mwanawe, alikuwa amesomea kompyuta Nairobi na kufungua ofisi ndogo mjini Thika. Alipiga chapa, alitoa nakala, alituma faksi, na walimu wakuu wa shule mbili walimwamini kiasi cha kumpa mitihani yao achape. Ndiye aliyelitengenezea kundi la mama yake tovuti: kurasa chache zenye picha za mifarishi, na chini yake fomu ya kuagizia. Mteja wa ng'ambo alijaza fomu, akabonyeza kitufe, kisha seva iliyokuwa Marekani ikaandika barua pepe mbili. Moja ilikwenda kwa mteja kumshukuru. Ya pili, iliyobeba oda, ilikuja kwenye sanduku la barua pepe la kikundi, lililotunzwa na kampuni moja ya Nairobi. Seva yenyewe haikuwa yao. Walikuwa wamepanga pembe moja tu, kama chumba kwenye ploti ya kupangisha, pamoja na mamia ya wapangaji wengine wasiowajua kwa jina wala kwa sura.

Kila Ijumaa baada ya sala Fahim aliunganisha modemu yake na Nairobi, akavuta barua, akazichapa kwenye karatasi, akazitia katika mfuko mmoja na mifarishi aliyoimaliza mama yake, akaja Ruiru. Utaratibu huo ulikwenda vizuri zaidi ya mwaka mzima. Kisha, kuanzia Agosti, mfuko ukawa unafika na mifarishi bila oda.

Mwanzoni walisema ni msimu. Wazungu wako likizo, watarudi. Septemba ikapita. Ijumaa moja ya Oktoba Fahim akafika na karatasi moja.

Ilikuwa barua ya mama mmoja wa Kanada mwenye duka dogo la kanisa, mteja wao wa tangu mwanzo. Safari hii hakupitia fomu. Aliandika moja kwa moja. Aliuliza kwa upole kama kikundi kimevunjika. Alikuwa amejaza fomu mara mbili, na mara zote mbili akaletewa shukrani, kisha kimya. Krismasi ilikuwa inakaribia, na asipojibiwa angetafuta mafundi wengine.

"Shukrani gani?" Benta akauliza. "Nani alimshukuru?"

"Seva, mama. Inajiandikia yenyewe. Nilikueleza siku ile."

"Kwa hivyo oda ilifika."

"Ilifika kwa seva. Kwetu haikufika."

"Na hii ya leo imefikaje?"

Fahim akakuna kidevu. "Hilo ndilo linanisumbua. Hii imetoka kwa mashine yake huko Kanada. Zile za oda zinatoka kwa seva yetu. Nafikiri njia ya kutokea ndiyo ina shida. Nipe muda nifuatilie."

Benta akaikunja karatasi polepole. Barua ya malalamiko imefika. Barua za oda hazifiki. Ni sanduku gani hilo linalochagua?

Alikuwa amewahi kuona sanduku la namna hiyo. Kabla ya mambo ya kompyuta, kikundi kilikuwa kikitumia sanduku la posta la kanisa. Barua za salamu zikawa zinafika na zenye hundi hazifiki. Wanawake walihangaika sana, hata wakamfuata hatua kwa hatua yule aliyekaa na ufunguo, mpwa wa mzee wa kanisa, wakamkuta akifungua bahasha kwa mvuke wa sufuria. Wakabadilisha kufuli, na barua zikaanza kuja. Tangu siku hiyo kila mwanamke wa Mshono Imara alijua barua hupotea vipi: mtafute mwenye ufunguo. Na ufunguo wa sanduku hili jipya, yaani neno la siri, alikuwa nao Fahim peke yake.

Ni kweli kwamba mwizi halipeleki lalamiko la mteja kwa mkono wake mwenyewe. Benta aliliona hilo, maana hakuwa mjinga. Lakini shaka ikishamwingia mtu, hata kinachomsafisha mshukiwa hugeuzwa kuwa uchafu. Akajiambia kwamba Fahim ameileta kwa kuwa alijua yule mama angeandika tena kwa posta, na ni heri aonekane msafi mapema.

Wiki iliyofuata Benta alikwenda Thika bila kumwambia mtu. Alipoingia ofisini kwa Fahim alimkuta kwenye simu, akisema kwa sauti ya chini. Fahim alipomwona akamaliza haraka, "Basi nitapiga tena," akaweka chini. Kando ya kompyuta palikuwa na mfuko wazi, na ndani yake aproni. Aproni za viraka.

"Hizi ni za nani?"

"Za Mzee Gathogo, yule wa karakana ya ushonaji kule viwandani. Anataka tovuti pia. Nazipiga picha."

"Viraka."

"Eeh, viraka. Aliona zenu akapenda." Fahim akacheka. "Nimemwambia asiige rangi, mtagombana."

Aliyasema hayo waziwazi, bila kuficha mfuko wala uso. Mtu wa kusikiliza angesikia sauti ya mtu asiye na jambo. Benta alisikia maneno mawili tu, Gathogo na viraka, akatoka nayo.

"Hukai unywe chai, mama?"

"Nina haraka."

Hakuwa na haraka. Alirudi Ruiru, akaenda moja kwa moja kwa Marvin, aliyekuwa na ofisi ya kompyuta karibu na stendi na aliyekuwa akiitamani kazi ya Mshono Imara tangu zamani. Benta alilijua hilo la kutamani, na bado akamweleza kila kitu.

"Mathe, hapo kuna mchezo," Marvin akasema, akiegemea kiti. "Mimi sipendi kuharibia mtu jina. Lakini paswadi ni ya nani?"

"Ni yeye tu anayo."

"Basi si umejijibu?"

Wakaandika pamoja faksi kwa kampuni ya Nairobi. Neno la siri libadilishwe. Na asihudumiwe mtu mwingine yeyote kuhusu sanduku hili, kwa simu wala kwa barua, isipokuwa B. Nafula mwenyewe. Benta akatia saini, akagonga muhuri wa kikundi, akaupuliza wino ukauke.

Ijumaa Fahim akaja na mifarishi ya mama yake bila karatasi hata moja.

"Mama, neno la siri limekataa."

"Limebadilishwa."

"Sawa. Sanduku ni lenu. Lakini nilikuwa nafuatilia jambo na watu wa Nairobi, na sasa wana—"

"Utafuatilia nini kwa sanduku ambalo si lako?"

Fahim akauweka mfuko mezani, akaaga kwa adabu, akaenda.

Jioni hiyo Marvin alilifungua sanduku mbele ya Benta. Lilikuwa na tangazo moja la kampuni yenyewe ya Nairobi na hakuna kingine. Juma lililofuata, hali ileile. Sasa hapo mtu mwadilifu angesimama akajiuliza. Kufuli limebadilishwa, mwenye ufunguo wa kale yuko nje, na oda bado hazifiki. Basi si yeye. Kwa sanduku la posta wangefikia uamuzi huo kabla chai haijapoa. Lakini Marvin alikuwa na jibu.

"Hawa watu wa kompyuta huacha mlango wa nyuma, mathe. Yeye ndiye alijenga nyumba. Unafikiri alijenga mlango mmoja?"

Benta akaona ina maana. Siku hizo kila kitu kilikuwa na maana, mradi kimwelekee Fahim.

Alimtaka Fahim alete ushahidi wa hiyo shida ya njia ya kutokea. Fahim akaleta jibu alilopata kutoka kwa wenye seva, Marekani. Marvin akalisoma na kulitafsiri. Lilisema: tumekagua, upande wetu hakuna hitilafu, barua zenu zote zinatoka kama kawaida.

"Ameleta mwenyewe," Wamboi akasema aliposikia. "Ngai! Mtu anajifunga kamba na bado anatuuliza ni ya nini. Benta, itisha mkutano. Au nikuitishie?"

Mkutano ukaitishwa katika ukumbi wa kanisa. Fahim alikuja, na mama yake akaja naye, akichechemea na mfuko wake begani, maana naye alikuwa mwanachama. Benta alisimama. Alikuwa amejitayarisha aseme tu kwamba kuna tatizo na liangaliwe. Lakini macho ya wanawake wote yalikuwa juu yake, Krismasi ilikuwa imekaribia, mifarishi ilikuwa imerundikwa mpaka dirishani, na Wamboi alikuwa akinong'ona, "Sema, mwanamke, sema."

Fahim akaomba neno kwanza.

"Mama zangu, wale wa Marekani wanasema barua zinatoka. Nairobi wanasema hazijaingia. Mmoja wao hajui kitu, au hasemi kitu. Mimi naomba jambo dogo. Kuna mtu yeyote hapa amewahi kujaza ile fomu mwenyewe, kama mteja, aone inafika wapi?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Mama Cindy, wewe?"

"Kujaza fomu ni kazi ya wateja," Benta akasema.

Hayo ndiyo maneno yake, neno kwa neno, na wengi waliokuwapo wanayakumbuka. Mwanamke aliyeketi kwenye mashine za watu miaka yote kabla ya kuwahukumu, aliombwa aketi kwenye mashine hii moja, akakataa kwa sababu alikuwa na hukumu tayari.

Kisha akasema lile la pili. "Fahim amekuwa akizitoa oda zetu na kumpelekea Gathogo. Nimeziona aproni za Gathogo kwa meza yake, kwa macho yangu."

"Woi!" mtu mmoja akapaza sauti nyuma. Mwingine akapiga makofi.

"Benta." Ilikuwa sauti ya Fatu. Tangu kiwandani hakuwa amemwita hivyo, kwa jina tupu. "Umemwona akiitoa oda?"

"Mama Fahim, nani mwingine—"

"Nimekuuliza umemwona?"

"Nimeona aproni."

"Aproni nimeona hata mimi. Nimeuliza oda."

"Mama mtu atasema nini?" Wamboi akaingilia. "Keti chini, Mama Fahim. Uchungu wa mwana tunaujua sote, hata sisi tumezaa."

Fatu hakuketi. Alitoa mifarishi aliyokuja nayo, akaipanga juu ya meza moja baada ya nyingine, akaonyesha kwa kidole kwamba pindo zote zimekamilika, akamshika mwanawe mkono wakatoka.

Maneno ya ukumbini hayakukaa Ruiru. Wamboi alikuwa na dada Thika, na dada alikuwa na soko zima la kuzungumza nalo. Baada ya muda mfupi ilikuwa ikisemwa kwamba kijana wa Majengo hufungua barua za watu kwa kompyuta. Walimu wakuu wa zile shule mbili hawakumshtaki wala kumuuliza. Walituma tu mtu kuchukua mitihani iliyokuwa haijachapwa, kwa sababu mtihani hauachwi kwa mtu anayesemwa.

Oda nazo hazikuja. Sasa Benta alitaka kuziona kwa macho huko zilikopelekwa. Akaenda karakana ya Gathogo akijifanya mnunuzi, akazunguka kati ya mashine akipekua marundo. Aproni zote zilikuwa za rangi mbili, na zote zilikuwa na majina ya hoteli za Nairobi.

"Za ng'ambo ziko wapi?" akauliza.

Gathogo akacheka mpaka akavua miwani. "Ng'ambo gani, mama? Ng'ambo yangu ni Nairobi. Nilitaka hiyo tovuti nitafute Wazungu, lakini kijana Fahim amenirudishia aproni zangu. Alisema hataki kushika tena kazi ya viraka ya mtu yeyote. Sijui ni nini kimemuuma."

Benta alisimama hapo akiwa ameshika aproni ya mtu. Kama Gathogo hakuwa na hata oda moja ya ng'ambo, basi Fahim alizipeleka kwa nani? Na kama hakumpelekea mtu, alikuwa ameiba nini?

Alitoka Thika akaenda kwa Marvin. Hakuketi alipokaribishwa.

"Nifungulie ile fomu."

"Fomu ya nini, mathe?"

"Fomu yetu. Nataka kuijaza mwenyewe. Niandike kama mteja."

Marvin akafungua. Benta akaandika kwa vidole viwili: mfarishi mmoja, wa bluu. Mahali pa anwani ya mteja walitia anwani ya Marvin, ile ya bure aliyokuwa nayo kwenye kampuni ya Marekani. Akabonyeza kitufe mwenyewe. Ukurasa ukajibu mara moja: Asante, oda yako imetumwa.

"Sasa tuone," akasema.

Walipofungua anwani ya Marvin, shukrani ilikuwa imefika, nzuri, yenye jina la Mshono Imara. Walipofungua sanduku la kikundi hapakuwa na kitu. Wakangoja. Wakajaza tena, mfarishi mwekundu. Shukrani ikaja kwa Marvin. Sanduku la kikundi likabaki tupu.

Marvin akalifunga sanduku, akalifungua tena.

"Nimeituma mimi," Benta akasema. "Neno la siri ni langu. Fahim yuko Thika. Haya, Marvin, nani ameiiba? Nionyeshe mlango wa nyuma."

"Hiyo sasa... labda uwapigie Nairobi."

Akapiga simu Nairobi, akataja jina lake, akasema hataki mtu wa mapokezi, anataka fundi. Fundi aliyeletwa aliitwa Kitheka. Benta akamsomea jina la seva na kumweleza alichofanya, hatua kwa hatua. Akasikia vidole vikigonga.

"Eeh, nimeziona," Kitheka akasema. "Zimekuja mbili sasa hivi. Tumezikataa."

"Mmezikataa?"

"Seva hiyo tunaikataa tangu Agosti, mama. Kuna mpangaji mmoja humo anauza dawa za kupunguza unene. Aliwatumia watu maelfu barua ambazo hawakuomba. Seva nzima ikaandikwa katika orodha ya wasumbufu, na sisi hufuata orodha hiyo. Chochote kikitoka huko kinarudishwa mlangoni."

"Lakini wao wanasema zinatoka."

"Zinatoka kweli. Hawakudanganya. Sisi ndio hatuzipokei."

"Na zikirudishwa zinarudi kwa nani?"

"Kwa seva yenyewe. Huko hakuna mtu wa kuzisoma. Wateja wako wanapata shukrani kwa sababu kampuni zao hazifuati orodha hiyo."

Hapo Benta hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa amewahi kupanga Githurai 45, katika ploti ambayo mpangaji mmoja alijiunganishia maji kwa wizi, na wakubwa wa maji wakaikatia ploti nzima, wenye hatia na wasio nayo.

"Sasa tufanye nini?"

"Ni kitu kidogo. Aliyetengeneza fomu abadilishe mstari mmoja, oda ziende sanduku lingine. Baadaye awaombe hao Wamarekani wawahamishie seva nyingine. Hata nilitaka kumwambia yule kijana."

"Kijana gani?"

"Fahim. Amepiga hapa mara nyingi sana. Alitaka tutazame hili hili, kama tunaikataa ile seva. Mara ya kwanza hatukumjali. Akaendelea tu. Nilipopata nafasi ya kutazama, nikakuta faksi ya mwenye sanduku, kwamba asihudumiwe mtu mwingine yeyote. Basi nikashindwa kumwambia."

Benta akauondoa mkono wa simu sikioni, kisha akaurudisha.

"Mama? Faksi imetiwa saini na B. Nafula. Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi sasa umejua."

Kesho yake alikuwa Thika. Ofisi ya Fahim ilikuwa wazi, lakini mashine ya kutolea nakala haikuwapo na rafu zilikuwa nusu tupu. Fatu alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, amenyoosha mguu wake mbaya. Hakuna aliyemkaribisha Benta, na hakungoja kukaribishwa. Aliwaeleza kila kitu akiwa amesimama, pamoja na habari ya faksi, ambayo angeweza kuificha.

"Nimekuja kukuomba msamaha, Fahim," akamaliza. "Na nimekuja kukuomba utengeneze ile fomu. Najua mambo hayo mawili hayafai kuja pamoja."

Fahim alimtazama, kisha akageukia kompyuta. Aliunganisha modemu, akafungua faili, akabadilisha mstari mmoja, akajaza fomu, akangoja, akafungua sanduku jipya alilolianzisha papo hapo. Oda ilikuwa humo. Akaandika maneno ya siri yote mawili, la tovuti na la sanduku, kwenye kipande cha karatasi.

"Zile za nyuma hazitarudi," akasema. "Waandikie wateja wote unaowajua. Na karatasi hii mpe Marvin."

"Sitaki Marvin. Nataka wewe."

"Mpe Marvin, mama."

Fatu akavuta mguu wake, akainuka nusu, akakaa tena.

"Ungeniita pembeni," akasema. "Mimi. Ungeniambia, Mama Fahim, ninamshuku mwanao. Ningemkalisha chini mpaka akueleze kila kitu, na kama ameiba ningekuletea mwenyewe. Lakini ulichagua watu wote wasikie."

"Nitawaambia watu wote."

"Waambie."

Aliwaambia. Aliitisha mkutano katika ukumbi uleule, akasimama palepale, akasema kwamba Fahim hakuiba chochote, na kwamba yeye Benta ndiye aliyemfungia njia alipokuwa akikaribia kuujua ukweli. Hakujitetea. Wanawake walisikiliza, na wengine walilia. Kisha Wamboi akasema, "Sawa, tumesikia. Lakini kama alikuwa msafi, si angepiga kelele? Mbona alitoka kimya?" Na kuna vichwa vilivyotikiswa kumkubalia.

Alikwenda pia kwa wale walimu wakuu, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alimpa chai na kumsifu kwa uungwana wake. "Si kwamba hatumwamini, mama," akasema. "Ila mitihani tumeshawapa watu wengine. Na unajua, mtihani ni mtihani." Wa pili alisema maneno hayohayo bila chai.

Oda zilianza kuja tena kabla ya mwaka kuisha. Mama wa Kanada alikuwa amekwisha kununua kwingine. Fahim alifunga ofisi yake Januari akaenda Nairobi kuajiriwa. Fatu hakushonea tena Mshono Imara, na hakumfungulia tena Benta mlango wake wa Majengo. Benta alipoteza rafiki wa maisha yake. Fahim, ambaye hakuwa amekosa lolote, alipoteza kazi aliyoijenga kwa mikono yake na jina jema alilokuwa nalo Thika.